Mvua ya Saa Tisa, Kakamega

Kwenye beji waliandika "Mwanafunzi",
kalamu ya buluu, herufi za haraka.
Nikaigeuza, ikaonyesha mgongo mweupe,
nikaketi nyuma, karibu na mabirika ya chai.

Mbele, walimu wa miaka thelathini
walitaja mitaala iliyokufa
kama watu wanaotaja marehemu wa ukoo mmoja.
Mimi nina majuma tisa tu, darasa la nne, Shinyalu.

Kisha mvua ya saa tisa ikashuka juu ya mabati.
Kipaza sauti kikakohoa, kikazima.
Mtoa mada akafungua mdomo, akaufunga.

Sijui mguu upi ulitangulia.
Nilijikuta ubaoni, nikatoa chaki mfukoni,
vumbi lake bado la Ijumaa,
nikaandika, hata wa nyuma wasome:
Tusome kimya mpaka ipite.

Ukumbi ukacheka. Mikono ikazama mifukoni, mikobani;
vipande vya chaki, vifupi, vilivyolika,
vikainuliwa juu.

Mwalimu Mmbone wa Chavakali
akanijia, akapaza sauti sikioni:
"K yako inalala, Mwalimu. Iamshe."

Nikaifuta kwa kiganja.
Nikaiamsha.