Akiki ya Pili

Mjomba Eshniyaz alichonga kinyumenyume,
mwanzo ukiwa mwisho, kulia kukiwa kushoto,
ili jina la khan likigandamizwa karatasini
ligeuke, lisomeke sawa.
Miaka arobaini aliisoma dunia hivyo.
Hata sokoni Khiva akipimiwa tikiti
alianza kutazama upande wa pili wa mizani.

Mimi kazi yangu taa, mafuta ya ufuta, utambi.
Safarquli alizungusha gurudumu la kunolea,
Safarquli wa Astarabad,
aliyetekwa mpunga wake ukingali shambani
akauzwa kwetu kwa bei ya farasi mmoja na mkia wa wa pili.
Mjomba alipenda kusema hivyo mbele ya wageni,
na wageni walicheka,
na gurudumu halikusimama.

Muhuri wa kale ulikuwa mnono kama yai la njiwa:
Khan mwana wa khan,
bwana wa mto, bwana wa mchanga.
Ulifungua mifereji. Ulikata vichwa.
Ulimtoza mjane kwa kuolewa tena.
Tukauogopa, tukausifu,
tukasema: Warusi watapita wapi?
Jangwa ni ukuta usio na fundi wala ufa.
Babu aliwahi kuona mifupa ya ngamia wao
waliogandia thelujini wakiwa wamepiga magoti.

Mwaka huo forosadi zilikuwa zinadondoka
walipofika.
Mizinga haikusema mengi.
Ukuta wa udongo ulirudi kuwa udongo,
basi.

Khan alikimbia, kisha akarudi.
Walimrudishia kiti
kama mtoto anavyorudishiwa kikombe:
haya, shika, usimwage.

Ndipo akaja karani wa ikulu, kofia ya manyoya, jasho,
kiganjani akiki ndogo kama zabibu kavu,
na karatasi yenye maneno mapya.
Mjomba aliyasoma mara mbili,
mara ya pili kutoka mwisho.
“Hili neno *mtiifu*,” akauliza,
“nilichonge nene?”
Karani aliangalia viatu vyake.
“Jembamba. Lakini lisomeke.”

Usiku huo mjomba alilia juu ya jiwe,
na unga wa akiki ukashika machozi,
ukamfanyia masharubu mekundu.
Nami nikalia, kwa kuwa yeye analia.
Gurudumu likasimama.

“Fundi,” alisema Safarquli,
na katika miaka kumi na moja sikuwahi kumsikia
akianza yeye mazungumzo,
“hati ya kuninunua ilipigwa muhuri ule mkubwa.
Leo asubuhi mpiga mbiu kanisomea uhuru wangu,
na chini yake, wameniambia, utapigwa huu mdogo.
Nifundishe basi. Niulilie upi?”

Mjomba hakujibu.
Alimpa joho lake la pamba, lile la Ijumaa.
Safarquli alilipokea, akalikung'uta mlangoni
kama mtu anayetoa vumbi la watu wengine,
akaenda kutafuta msafara wa kusini.
Wapo waliosema msafara ule uliporwa kabla ya kisima cha tatu.
Wapo waliosema yuko kwao, ana mashamba, ana tumbo.
Sijui.
Gurudumu nalizungusha mimi sasa,
na mkono unauma mahali nisipopajua jina.

Muhuri mpya una kazi nyingi ndogondogo:
zamu za maji, punda waliopotea,
ruhusa ya kujenga choo karibu na msikiti.
Vita si kazi yake tena, wala wajumbe wa nchi za mbali.

Wa kale tuliamriwa kuuvunja.
Nyundo moja tu. Nusu moja karani aliondoka nayo,
nusu ya pili iliruka chini ya tanuri la mkate
ambako mama, Anabibi, aliiokota,
asiseme kitu.
Alfajiri aliigandamiza kwenye donge la unga.

Mdogo wangu, ndiyo kwanza anajifunza herufi,
aliweka kidole juu ya mkate wa moto:
“Bwana wa m... Umekatika hapa. Bwana wa nini?”

“Wa mkate,” nikamwambia.
Akaumega, akala kuanzia kwenye jina.