Chaki na Mafuta ya Taa

Wameishusha bloku asubuhi, wanaume wanne na mti mabegani.
Unga Limited bado ina baridi, Meru haujavua blanketi.
Mwenye gari, Bwana Nanyaro, anaitaja tabo
kama mtu anayepeleka posa:
imetoka Dubai, iko kwenye boksi, haijaguswa na mkono,
na Kruza ikishafungwa hiyo
itapanda kreta na watalii saba na masanduku yao
bila kuomba gia ya pili.
Mama fundi, wiki moja?

Nikamwambia tabo ni pumzi ya kulazimishwa.
Tuangalie kwanza kifua.

Vizibo vya maji vilitoka na matope mekundu,
ya Karatu nadhani, mtu alijaza rejeta mtoni.
Vizibo vya njia ya oili vikagoma.
Nikavipasha moto, nikavilamba kwa nta ya mshumaa, nikabembeleza,
cha mwisho kikalia kama mlango wa nyumba isiyokaliwa.
Kisha pipa, kostiki soda, maji yanayotokota,
na Loshiro, kijana wangu, anachochea kuni huku machozi yanamtoka,
ananiuliza kwa nini tunapika chuma.

Tunapika ili kiseme.

Kilitoka kijivu, kikavu, hakina rangi ya kujifichia.
Nikakipaka mafuta ya taa, nikangoja, nikafuta,
nikapaka chaki uso mzima, hasa kati ya tundu na tundu.
Halafu tukakaa. Loshiro akala mhogo wake.
Mficha maradhi, chaki humuumbua:
penye ufa, mafuta hurudi juu yakachora mstari
mwembamba kama uzi wa buibui.
Hatukuona mstari.
Nikafurahi mapema.

Silinda ya nne imeliwa kuliko wenzake, unene wa nywele mbili.
Zote sita zitachongwa saizi moja, huwezi kumnenepesha mmoja.
Nitafunga bamba zito juu, boliti zikazwe kama siku ya safari,
ndipo jiwe lizunguke,
maana bloku iliyolegea hukudanganya kuwa ni duara.
Na ringi nitaziachia mwanya mkubwa kuliko wa zamani.
Moto wa tabo huvimbisha. Wasioachiana nafasi huvunjana.
(Mume wangu wa kwanza hakulielewa hili.)

Jioni umeme ukakatika. Nikabana tochi kwa meno,
nikapitisha brashi ndefu kwenye njia kuu ya oili.
Ikatoka na kitu.

Nyuzi. Nyuzi za bluu, ngumu kwa masizi,
zimeng'ang'ania kipande cha silikoni.
Nikamulika ubavuni, pale stata inapokaa:
N.K. 2004, zimegongwa kwa panchi, K imeinama.

Herufi zangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
na fundi Anaeli aliniambia
pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe.
Nikapitisha mara mbili,
na kitambaa chenyewe kilikuwa mkono wa ovaroli kuukuu,
kwa sababu Ijumaa ile kuna mtu alikuwa ananingoja Kilombero.
Ndiye yule niliyemtaja hapo juu.

Miaka yote hii beringi ya tano imekunywa nusu kikombe.
Ilipogonga walisema ni mafuta mabaya, wakasema ni barabara,
mwisho wakasema ni dereva.
Dereva, nasikia, alifukuzwa.

Usiku huu naosha. Maji ya moto, sabuni ya unga,
kila tundu, hata lile lisilokwenda popote.
Nimechana shuka jeupe vipande vipande.
Cha kumi na moja kimetoka na kivuli.
Cha kumi na nne, kivuli cha kivuli.
Loshiro amelala juu ya matairi, chaki bado ukuchani.

Kesho Bwana Nanyaro atakuja kuuliza kama tayari.
Nitamwambia bado.
Kisha nitamuuliza jina la yule dereva.