Siti ya Saba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya wauza karanga,
naiamsha dizeli nyuma ya gurudumu la bembea:
handeli, mzunguko mmoja, miwili, kohozi la moshi,
kisha ile tuku-tuku-tuku waliyoizoea hata mbuzi wa Ipuli.
Dakika tano. Nazima. Naandika kwenye daftari: nzima.

Bwana Nasibu alikuwa akiniuliza,
"Mhoja, mafuta yote haya unampikia nani?"
Nikamwambia injini ya akiba ni ndugu wa mbali,
usipomjulia hali, siku ya msiba hakujui.
Akacheka. Akalipa.
Si kila mara.

Usiku wa Nane Nane umeme ulikatika
saa mbili kasorobo. Spika za uwanja mzima
zikanyamaza katikati ya neno,
na juu yetu siti kumi na mbili zikabaki
zikinesa taratibu, kama mizinga kwenye mininga.
Kileleni, siti ya saba, Kalunde wangu,
miaka tisa, viatu vya kuazima.
Kimoja kilianguka. Nilikisikia kabla sijakiona.

Dizeli iliwaka kwa mkono wa kwanza.
Nikatia klachi. Gurudumu likaguna,
likasogea shubiri moja,
na mkanda ukakatika.
Miaka mitatu juani, umekauka kama ngozi ya kenge.
Injini nilikuwa naijaribu. Mkanda sikuujaribu.
Hilo halimo kwenye daftari.

Basi mikono.
Wanaume kumi wakashika ukingo wa chuma,
na Masanilo, mrina asali wa Sikonge,
akaleta kamba yake ya kushushia masega,
akaizungusha mara tatu kwenye nguzo,
akaiachia kidogo kidogo, bila kusema neno,
kana kwamba chini kuna mtungi wa kupokelea.

Siti ya kwanza, wanafunzi wawili wa Milambo,
miguu yao nusu mita kutoka ardhini,
walitaka kuruka. Nikawapigia kelele:
"Kaeni! Ninyi ndio mnaomshikilia aliye juu!"
Wakakaa. Yule wa kike akafumba macho.
Maana gurudumu lina hesabu yake:
ukimtoa mtu, umtoe na wa mkabala,
wazito kwanza, mikono ingali na nguvu,
wepesi mwisho.
Na siti nyepesi kuliko zote ilikuwa ya saba.

Akashuka mwenye duka la mbegu na mkewe.
Wakashuka masista wanne, mmoja akicheka kwa woga.
Akashuka mlevi aliyedai arudishiwe nauli.
Mara mbili Kalunde alipita mbele yangu,
karibu hivi, ningeweza kumnyakua,
ningeweza, na nani angenilaumu?
Alinyoosha mkono.
Nikasema, "Sukumeni,"
na sauti ilikuwa yangu.

Saa nne na robo nilimvisha kiatu chake.
Alikuwa baridi hadi kwenye magoti.
Nilijua ataniuliza kwa nini yeye wa mwisho,
nilishaandaa maneno, hesabu, uzito, mkabala.
Hakuuliza. Alisema tu,
"Baba, kule juu nilikuwa nakuona.
Ulikuwa na tochi mdomoni."
Akalala begani kabla hatujafika getini.

Siku hizi mkanda ni mpya. Nimenunua miwili.
Jumamosi, saa moja, naufunga kwanza,
kisha napanda mwenyewe siti ya saba
hadi pale mapaa ya Tabora yanapoanza kung'aa
na moshi wa jikoni kwa Mama Nyanzobe unanifikia,
halafu namwambia kijana wa swichi:
Zima.
Ngoja kidogo.
Sasa tuone.