Mguu wa Jitu

Kibanda cha Nshoma, Igogo, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mia tano tu. Pumzi unaiacha mlangoni.

Ghorofa zinalala kifudifudi, vioo vinanyesha,
na mtafsiri, koo limemkwaruza, anadakia:
"Hela ya moto huu ingenunua Igogo yote,
chenji ikabaki!"
Tunacheka. Tunataka moto zaidi.

Limi wa Mwaloni, magamba ya dagaa yamemganda viganjani,
amesimama juu ya benchi:
"Nyuma yako, we mjinga! Nyuma!"
Shujaa hasikii.
Hajawahi kumsikia mtu wa Igogo.

Umeme unakatika
jitu la chuma likiwa limeinua mguu.

Giza. Joto. Mashine nayo kimya.
Hakuna anayedai mia tano yake:
nani ataondoka mguu ukiwa bado hewani?

Mtafsiri anakohoa, anaendelea bila picha.
Jitu linavuka ziwa, maji yanaishia magotini,
linapapasa majabali ya Bugando
kama mtu anayetafuta kiberiti.
Shujaa amejibanza kwenye ufa wa jiwe,
na safari hii, Limi anapopaza sauti,
anageuka.