Sekunde Moja na Robo

Kisanduku kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ndani mna kamera, kitaa, chupa ya maji,
na tone moja la mafuta ya makonyo
limekaa chini, zito, kama mgeni asiyeaga.

Mize yuko juu, ghorofa ya tatu, Mtemani.
Shaame yuko chini na magodoro mawili
aliyoazima kwa mamake bila kusema ya nini.

"Achia!"

Mita nane.
Godoro likaguta. Mtoto wa jirani akacheka.

Wakainamia kioo, picha baada ya picha,
pumzi wameibana:
tone linajibandua,
linatetemeka, linajikunja,
limekuwa gololi katikati ya maji,
halizami, halielei,
juu hakuna, chini hakuna.

Hii ni mara ya thelathini na nne.
Za nyuma zilipinda, zilitia giza,
ya ishirini chupa ilipasuka.

Mize akaandika daftarini: limetulia.
Akafuta. Akaandika: limesahau.
Akafuta na hilo, akachukua rula.
Milimita sita.

Usiku, mamake Shaame akageuka kitandani,
akanusa godoro,
akanusa tena.
Msimu wa karafuu bado.