Ramani ya Bustani, Makorora

Kidawa ameichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji,
kwa mkaa, maana kalamu ilikataa:
hapa matuta sita ya mchicha, pale bamia,
pipa chini ya mchirizi wa paa la zahanati,
na uzio wa mkonge. "Mbuzi wa Shemboza," akasema,
"hawajui kusoma kibao."

Tukachanga elfu mbilimbili. Hizza
akaahidi toroli tatu za samadi, akaleta moja.
Udongo wetu mchanga mtupu; maji ukiyamwaga
yanapita kama mgeni asiyevua viatu.
Basi mwaka huu ni makumbi, majani makavu, samadi.
Nyanya mwakani.

Nikaulizia ile kona ya ukutani,
ulipojiotea mchunga bila kualikwa.
Kwenye ramani pameandikwa: njia.

Nikanyamaza. Halafu nikamkumbuka mama,
siku zake za mwisho, alivyokataa kila sahani
ila uchungu ule, na tui kidogo.

Nikachukua mkaa.
Njia nikaipinda.

Kidawa akaitazama, akapuliza vumbi.
"Basi ipinde vizuri," akasema,
"toroli ipite."