Ubao wa Kyarisiima

Nilidhani kilima kina hasira,
na kwamba hasira yake hukaa chini.
Kule juu, penye ngazi za mashamba ya Rubanda,
gunia la viazi liliuanza ubao
kama mgeni anayetafuta viatu vyake,
likaifikia barabara kama mwizi.

Nikamwambia Tindyebwa: huku chini
pana kitu kinavuta zaidi.
Hakujibu. Alitoboa dumu kwa sindano,
akalitundika kwenye mkaratusi juu ya sufuria,
akanipa kipande cha mkaa.
"Tone likilia, weka alama lilipo gunia."

Magunia sita nilichelewa.
La saba nikakimbia nalo, ubavu kwa ubavu,
kisha nikarudi kupima kwa mkono wangu:
shibiri moja.
Halafu tatu.
Halafu tano, halafu saba,
na lori likawa limekwisha kulipokea.

"Umeona? Kila tone, mbili za ziada.
Mbili zilezile.
Uzito unataka kwenda wima, ardhini;
ubao unakataa, unabeba fungu lake,
na fungu linalobaki linafuata mteremko.
Ubao umenyooka. Haulali hapa ukasimama pale,
basi fungu hilo halikui, halipungui.
Msuguano nao unatoza ushuru,
lakini ushuru wake ni mmoja, juu hadi chini."

"Na mbio hizi zinatoka wapi?"

"Mama yako ana kibubu?
Kila tone linatia sarafu moja,
na hakuna anayetoa."

Tukateremsha gunia zima na gunia nusu,
kila moja kwenye ubao wake.
Nililisubiri zima lishinde.
Yalifika pamoja, pu!
"Zima linavutwa zaidi," akasema,
"ila na uvivu wake ni mkubwa zaidi."

Dereva alipiga honi. Kyarisiima,
mwenye viazi, mwenye ubao, mwenye deni la lori,
alikuwa amesikia yote, mikono kiunoni.
"Kwa hiyo kilima hakina hasira."
"Hakina, mama."
"Na viazi vyangu vinavyopasuka hapa chini,
navyo havina hasira?"

Tindyebwa akatazama viatu vyake.

"Leteni nyasi," akasema Kyarisiima.
Tukaleta nyasi, mikumbo minne,
tukatandika pale kibubu kinapovunjwa.
Kisha mvua ikashuka, ubao ukalowa,
ushuru ukapungua,
na alama zangu za mkaa
zikatelemka zenyewe, moja baada ya nyingine,
bila mtu wa kuzihesabia.